Printa Haitaki Kulala

Mazungumzo na makatibu wa vikundi vya kijiji



Leo tunazungumza juu ya printa ya wino. Printa ni ile mashine inayochapa barua na fomu kutoka kwenye kompyuta. Ziko pia printa zinazotumia unga, lakini hizo ni habari nyingine. Vikundi vingi sasa vina printa ya wino, nayo imenunuliwa kwa michango ya wanachama. Ikifa, imekufa fedha ya wote.

Sisi mafundi tukiitwa kijijini, mara nyingi twaambiwa hivi: "Mashine ni mpya, wino umo, lakini karatasi inatoka nyeupe." Tukiuliza ilitumika lini mara ya mwisho, jibu ni lile lile: tangu mavuno. Basi, ugonjwa uko hapo. Kazi haiiui printa hii. Kinachoiua ni kukaa bure.

Kwa nini? Hebu tuutazame wino wenyewe. Wino huu una maji mengi. Unakaa katika kikopo kiitwacho katriji, au katika tangi. Unatokea kwenye kichwa cha kuchapia. Kichwa kina vitundu vingi sana, na kila kimoja ni chembamba kuliko unywele. Maji ya wino yakikauka, rangi inabaki na kuziba vitundu, kama uji unavyoganda kwenye mdomo wa chupa.

Jueni kwanza printa yenu ni ya aina gani. Ziko ambazo kichwa kimeshikamana na katriji. Kikiziba kabisa, mnanunua katriji nyingine. Ziko ambazo kichwa kimo ndani ya mashine, kama printa nyingi za Epson zenye matangi. Hicho kikifa, gharama yake yaweza kukaribia bei ya printa mpya.

Sasa tuseme juu ya kinga.

Kwanza, chapeni ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama hakuna kazi. Bandikeni zamu ukutani. Mtu atasema, "Huo si upotevu wa wino?" La, bwana. Ukurasa mdogo hutumia wino kidogo. Kuzibua kichwa hutumia mwingi zaidi.

Pili, zimeni kwa kitufe cha printa yenyewe. Msichomoe waya kwanza, wala msizime ukutani kwanza. Mkibonyeza kitufe, kichwa hurudi mahali pake na kufunikwa na kifuniko cha mpira. Umeme ukikatika ghafla, kichwa chaweza kubaki njiani, mdomo wazi. Umeme ukirudi, washeni, kisha zimeni kwa kitufe.

Tatu, ogopeni vumbi na jua. Mkisha kuzima, funikeni mashine kwa kitambaa. Iwekeni mbali na dirisha lenye jua kali.

Nne, msiache wino uishe kabisa. Printa nyingi za HP na Canon huchapa kwa kuuchemsha wino kidogo, na wino huo huo ndio unaopoza kichwa. Kikichapa kikavu, kinaungua. Wala msitoe katriji ya zamani kabla ya mpya kufika.

Je, ikiwa imekwisha kuziba? Msikimbilie pini! Kitundu kikipasuka hakishonwi. Fuateni hatua hizi:

1. Chapeni ukurasa wa kukagua vitundu. Amri hiyo imo katika kompyuta au kwenye printa.

2. Mistari ikiwa imekatika, agizeni printa ijisafishe mara moja. Kagueni tena. Msizidishe mara tatu. Wino wa kusafishia humwagwa kwenye sponji ndani ya mashine. Sponji ikijaa, mashine nyingi hugoma.

3. Ikishindikana, zimeni kwa kitufe mpaka kesho. Wino mpya waweza kulainisha ule mkavu. Jaribuni tena.

4. Kama kichwa kipo kwenye katriji, itoeni. Lowesheni kidogo kitambaa kisichotoa nyuzi. Tumieni maji ya dukani yasiyo na chumvi wala asidi. Maji ya kisima yana chumvi, nayo hubaki katika vitundu. Kandamizeni mdomo wa katriji taratibu kwa dakika moja, mpaka alama ya wino ionekane kwenye kitambaa. Msiguse vile vipande vya shaba.

Ndugu zetu, siku ya mavuno wakulima watapanga foleni wakitaka stakabadhi zao. Siku hiyo mashine ikigoma, kila karatasi ni nauli ya kwenda mjini na kurudi. Ukurasa mmoja kwa wiki ni kitu gani mbele ya nauli hiyo? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tujadili kikundini:

1. Printa yetu ilitumika lini mara ya mwisho?
2. Kichwa chake kipo kwenye katriji au ndani ya mashine?
3. Wiki hii zamu ya kuchapa ni ya nani?