Skauti wa Anga Tandahimba: Tuanze na Tulicho Nacho



Nimeombwa nizungumzie vijana wanaotaka mafunzo ya anga. Wilayani kwetu hakuna makadeti wa anga kama wale wa Uingereza, ambao kikosi chao kilianzishwa mwaka 1941 na leo huwapokea watoto tangu umri wa miaka 12. Kijana wa hapa anayetamani ndege hukimbilia mlango mmoja anaoujua: Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

JKT naliheshimu, limelea vijana tangu Julai 10, 1963. Lakini matangazo yake ya kujitolea husema wazi kwamba halitoi ajira na kwamba kijana akimaliza atarejea kwao. Hapo ndipo wazazi hatusomi. Msimu wa korosho ukiisha, fedha ya mnada inaishia kwa tapeli anayeuza "nafasi", wakati maombi hupitia ofisi za serikali na nafasi haziuzwi. Na hata aliyeingia kwa haki, gwaride peke yake halimpeleki kwenye urubani.

Kinachompeleka ni fizikia na hesabu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo hufundisha matengenezo ya ndege, na chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga huko Dar es Salaam huandaa waongoza ndege. Kote huko wanaanza kwa kuangalia cheti.

Pendekezo langu ni skauti wa anga, tawi ambalo skauti wa nchi nyingi wanalo, ndani ya vikundi vya skauti vya shule zetu. Ndege haihitajiki. Watoto wetu upepo wanaujua: Juni hadi Agosti wanaamshwa alfajiri kwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho, umande ungali majanini na hewa imetulia, ili unga ushike kwenye maua kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujayamaliza. Jua likipanda, mashine inazimwa, maana salfa yote itaishia shambani kwa jirani. Muulize mtoto huyo kwa nini hewa huchafuka kufikia saa nne. Atakuambia ndivyo ilivyo. Mwalimu wa fizikia atamweleza kwamba ardhi ikishapata joto, hewa iliyo juu yake hupanda, na ndiyo maana ndege ndogo hutikisika zaidi mchana kuliko asubuhi. Soksi ya upepo, ya kuonyesha unakovuma, wataishona kwa mkono wa shati kuukuu.

Hata historia tunayo, ingawa sijaiona ikifundishwa. Novemba 1917 meli ya anga ya Wajerumani, L 59, iliondoka Bulgaria na karibu tani 15 za shehena kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Ikiwa juu ya Sudan ikarudishwa kwa simu ya upepo, kwa maelezo kwamba Waingereza wameshauchukua uwanda wa Makonde, huu wetu. Ilikaa angani siku karibu nne bila kutua, zaidi ya kilomita 6,700. Kupiga hesabu ya mwendo wake ni kazi ya kidato cha pili.

Ninaloomba kikao kiamue leo ni dogo. Kila sekondari itoe mwalimu mmoja wa fizikia akae na kiongozi wa skauti wa shule, na ofisi ya elimu iwaandikie wasimamizi wa uwanja wa ndege wa Mtwara kuomba ziara ya wanafunzi. Barua iende kabla ya Juni, maana salfa ikianza, mtoto hutampata.