Tairi Husomwa, Halitazamwi Tu: Magurudumu ya Gari Lenye Chumba Mgongoni

Ifuatayo ni hotuba aliyoitoa Fundi Mkuu wa Karakana ya Halmashauri katika mkutano wa wamiliki wa magari, madereva na vikundi vya ujasiriamali uliofanyika kwenye ukumbi wa ofisi ya kata. Tunaichapisha kwa ombi la wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeitwa hapa kwa sababu ya swali moja. Kikundi cha vijana wa kata yetu kimenunua pikapu iliyotumika, nao wanajenga mgongoni mwake chumba cha kulala, chenye kitanda, jiko, tangi la maji na jokofu dogo, ili walikodishe gari hilo kwa wageni wanaokwenda Serengeti na Ziwa Natron. Ni wazo jema. Katika bajeti yao zimebaki fedha za jambo moja kati ya mawili: matairi matano mapya ya kazi nzito, au matairi ya mtumba pamoja na turubai la kivuli na jokofu kubwa zaidi. Wameniuliza, "Fundi, tuchague lipi?"

Kabla sijajibu, niruhusuni nikiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi kijana, nililetewa pikapu iliyojengewa sanduku la bati la kubebea bidhaa za mnadani. Mwenyewe alitaka matairi "makubwa". Nikamtafutia matairi mapana, meusi yanayong'aa, yenye meno marefu. Nikayafunga kwa mikono yangu, naye akalipa kwa furaha. Wiki ya tatu, saa nane mchana, tairi la nyuma la kulia lilipasuka akiwa kwenye lami. Sanduku likavuta gari upande, gari likalala. Dereva alitoka salama, lakini utingo wake, kijana wa miaka 19, alivunjika mguu, na hadi leo anatembea akichechemea.

Nilipofika pale, mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori kwa miaka mingi aliinama akapangusa vumbi kwenye ubavu wa lile tairi, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, tairi hili ulilitazama au ulilisoma?" Sikuwa na jibu. Nililitazama tu. Ndugu zangu, hotuba yangu yote ya leo ni jibu la swali la mzee yule.

Tuanze na kusoma. Kila tairi lina maandishi ubavuni. Mathalani, mnakuta 265/75R16. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 75 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 75 ya upana huo. R ni muundo wa nyuzi zake. Na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wanunuzi wengi huishia hapo. Lakini hapo tumesoma umbo tu, hatujasoma nguvu. Nguvu imo katika namba inayofuata, namba ya mzigo, ambayo si kilo bali huelekeza kwenye kilo. Namba 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120. Namba 116, kilo 1,250. Namba 121, kilo 1,450. Na namba 123, kilo 1,550. Matairi mawili ya 265/75R16 yanaweza kusimama pamoja dukani, moja likiwa na namba 112 na lingine 123. Ukiyatazama ni mapacha. Ukiyasoma, yanapishana kwa kilo 430 kwa kila gurudumu. Lile nililolifunga mimi lilikuwa na 112.

Mkiona namba mbili zimeandikwa pamoja, kama 123/120, ya kwanza ni ya tairi linalosimama peke yake, na ya pili ni ya tairi lililofungwa mawili mawili upande mmoja, kama kwenye Canter. Herufi inayofuata ni ya mwendo: L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160. Kwa gari lenye chumba mgongoni herufi hiyo haina shida kubwa, kwa kuwa gari hilo halipaswi kukimbizwa. Kinachoua ni uzito na joto.

Yapo pia maandishi ya tabaka: 6PR, 8PR, 10PR. Zamani yalihesabu nyuzi zilizomo ndani. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu. Katika matairi yaliyopangwa kwa taratibu za Marekani, ambako magari ya namna hii ni ya kawaida sana, tabaka sita huandikwa kwa herufi C, nane kwa D na kumi kwa E. Herufi LT mwanzoni mwa ukubwa huonyesha kwamba tairi limetengenezwa kwa ajili ya gari la mizigo. Wenzetu hao wenye vyumba vizito zaidi huacha kabisa magurudumu ya pikapu na kufunga ya lori dogo, rimu ya inchi 19.5. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Tunahitaji kujua tunabeba nini.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu chumba hakishuki. Mpakiaji wa mahindi hufika sokoni, akashusha, matairi yakapumua. Chumba cha kulala kipo mgongoni usiku na mchana, kwenye lami na kwenye mawe, na kila safari huongezewa: lita 80 za maji ni kilo 80, kisha mtungi wa gesi, betri, mizigo ya wageni, na tairi la akiba lenyewe. Tena chumba ni kirefu kwenda juu. Gari linapokata kona, uzito huhamia upande mmoja, na tairi la upande huo hubeba lake na la mwenzake.

Kwa hiyo, kabla ya duka nendeni mizani. Jazeni maji, jazeni mafuta, wekeni watu ndani, kisha mpime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, na ikiwezekana kila gurudumu. Tuseme ekseli ya nyuma imesoma kilo 2,360. Ukigawa kwa mbili unapata 1,180, na utasema tairi la namba 116 linatosha na kusaza. Lakini jokofu, betri na tangi vikiwa vyote kulia, upande wa kulia unaweza kuwa na kilo 1,250 na wa kushoto 1,110. Tairi la 116 limekwisha uwezo wake wote gari likiwa limesimama, kabla halijakutana na shimo hata moja. Hapo hitaji ni namba 121 kwenda juu, na pia kupanga upya vitu ndani ya chumba.

Pangeni vilevile kutoka mbele kwenda nyuma. Mzigo wa kilo 100 ukiuweka mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita tatu, hauongezi kilo 100 nyuma. Unaongeza kama 133, na unaipunguzia ekseli ya mbele kama 33. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi, gari likaelea. Tangi la maji likae mbele ya ekseli ya nyuma, na chini kadiri inavyowezekana.

Na jambo hili naomba tulishike kwa makini: tairi imara haliongezi uwezo wa gari. Kibao cha mtengenezaji kinataja uzito wa mwisho wa gari na wa kila ekseli. Ukivuka hapo, hata ukifunga tairi la trekta, utakaovunjika ni mhimili, springi au breki. Wala kupita kwenye mizani ya barabara si cheti cha usalama wa tairi lako. Mizani ile hulinda barabara. Kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne hakihusiani na uwezo wa pikapu.

Sasa rimu. Watu wengi hununua tairi zuri wakalivisha kwenye rimu dhaifu. Rimu nayo ina kikomo cha uzito, na kikomo cha upepo. Tairi la tabaka kumi huweza kuhitaji upepo ambao rimu ya gari dogo haikutengenezewa. Kwa njia zetu ninapendelea rimu ya chuma. Ikigonga jiwe hupinda, na fundi wa Engaruka anaweza kuinyoosha kwa nyundo mkafika nyumbani. Rimu ya aluminiamu ni nyepesi na ya kupendeza, na zipo zilizo imara kweli kweli, lakini ikipata ufa porini haina tiba. Epukeni vipande vya kusogeza gurudumu nje ili gari lionekane pana, kwani huzidishia mzigo beringi na boliti. Nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kuzunguka, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo. Kwa wenye rimu za vipande, zile zenye pete, toeni upepo wote kabla ya kugusa pete, na msijaze mkiwa mmeinamia juu yake. Pete hiyo ikiruka haichagui fundi mzoefu na mgeni.

Ukubwa nao una mtego. Tairi la 265/75R16 lina kimo cha milimita 804 hivi. La 285/75R16 lina 834. Ukihamia kwenye kubwa bila kurekebisha, dashibodi ikisema 80 wewe uko 83, injini inavuta kwa shida zaidi mlimani, na breki zina kazi kubwa zaidi. Kwa gari lililokwisha kulemewa na chumba, urefu wa ziada ni mzigo mwingine.

Upepo ndio uhai wa tairi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila mzunguko. Kujikunja huzaa joto, na joto hutenganisha mpira na nyuzi. Pasuko la saa nane mchana huwa limeanza alfajiri. Pimeni asubuhi, tairi likiwa la baridi, kwa kipimo chenu wenyewe, si kwa teke. Namba kubwa ya upepo iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, si agizo. Kiwango chenu kitatokana na uzito mliopima na jedwali la mtengenezaji wa tairi, na mara nyingi nyuma patahitaji zaidi kuliko mbele. Mchana upepo utapanda, karibu pauni moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto. Msiupunguze, jioni utarudi wenyewe. Kwenye mchanga mzito mnaweza kupunguza ili tairi lijitandaze, lakini mwendo uwe wa taratibu, na mkitoka mchangani mjaze kabla ya kuongeza kasi. Pampu ndogo ya umeme ni mali zaidi ya turubai.

Kuhusu mtumba sitasema kwamba kila tairi lililotumika ni bovu. Nasema lisomwe. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT pana tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisipite miaka 10 hata likionekana zima, na chini ya chumba kizito mimi nisingengoja muda huo. Meno marefu kwenye tairi la zamani ni kama meno meupe ya mgonjwa: hayakuambii lolote kuhusu moyo wake.

Sasa nijibu swali la vijana. Nunueni matairi matano, yote ya ukubwa mmoja na namba moja ya mzigo, 121 au zaidi, pamoja na rimu tano za chuma zinazolingana nayo. Nasema matano, kwa kuwa tairi la akiba lenye namba ndogo litafungwa siku ile ile ambayo gari lina mzigo mkubwa. Turubai lisubiri msimu wa pili. Jokofu lisubiri. Mgeni akinywa maji ya vuguvugu atanung'unika, kisha atasahau. Familia ya yule utingo haijasahau.

Karakana ya halmashauri itapokea kila Jumamosi asubuhi mwananchi yeyote anayetaka kusomewa matairi yake, awe na pikapu, Canter au Noah. Hakuna malipo. Njoo na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, usilipunguze ili kunipendeza. Utanikuta nimeinama na kitambaa mkononi, napangusa vumbi ubavuni.

Yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, huja mara moja moja. Hukaa kwenye benchi, na kila tairi jipya likiingia huuliza kabla yangu: "Fundi, linasema ngapi?" Naomba na ninyi mwulize hivyo hivyo, dukani, kijiweni na nyumbani.