Kabla ya kutoa garanti, tuangalie jikoni



Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba, Kasongo na Kabambare, tunaona jambo moja. Familia ikirudi, inaanza kwa kupanga. Inauliza kodi ni ngapi, garanti ni miezi mingapi. Haiulizi nyumba ile itakula makala kiasi gani. Baada ya mwezi, pesa ya kuanzisha biashara ndogo imeishia kwenye mbabula.

Kule Ufaransa, mwenye nyumba hawezi kuuza wala kupangisha bila karatasi inayoonyesha nyumba inatumia nishati kiasi gani. Nyumba inapewa herufi, kuanzia A mpaka G. Tangu tarehe 1 Januari 2025, nyumba ya G haipangishwi tena kwa mkataba mpya. Huku kwetu karatasi hiyo haiko. Lakini macho tuko nayo. Tuangalie mambo manne.

Kwanza, jiko. Liko ndani ama inje? Moshi unatokea wapi? Ukuta mweusi unasema kweli kuliko mwenye nyumba. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, na kati yao watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Tuangalie pia kama upepo unapiga moto moja kwa moja. Moto wa hivyo unakula kuni bure.

Pili, paa. Manjanja bila plafo yanachoma saa sita. Tuingie saa ile, si asubuhi tu. Mvua ikipita, turudi kuangalia panapovuja.

Tatu, mahali pa kuweka kuni. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi na moto kidogo. Nyumba isiyo na pakavu inatupeleka kununua makala.

Ine, taa. Kama pano ya jua iko, ni ya nani? Mupangaji anayetoka ataibeba? Tuijaribu usiku, maana mchana hata batri iliyokufa inaonekana nzima.

Tumuulize pia mupangaji anayetoka: kwa mwezi alimaliza magunia ngapi?

Tukishaona kasoro, tuongee bei. Mwenye nyumba atengeneze, ama apunguze. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Tusikubali zaidi. Na ninyi wamemba mnaouza ama kupangisha, dirisha moja la jikoni linaongeza bei bila ugomvi.

Kwa wafadhili tunaomba hili: msaada wa kodi uendane na pesa kidogo ya kutengeneza jiko. Bila hiyo, nusu ya msaada inapanda na moshi.

Memba anayekwenda kuona nyumba atujulishe siku mbili mbele. Mmoja wetu atamsindikiza.