Faili Jipya Huzaliwa na Ruhusa Gani?

(Mazungumzo mbele ya makatibu wa vyama wanachama)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ruhusa zinazopewa mafaili mapya katika kompyuta za jamii ya Unix. Huenda mkaona kuwa hilo ni jambo la mafundi. Nawaomba mnivumilie, kwa maana linahusu siri za wakulima wetu kuliko linavyohusu mitambo.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Linux, ambayo leo hutumika katika ofisi nyingi, hufuata desturi zile zile. Kwa kuwa kompyuta moja hutumiwa na watu wengi, kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na nje ya hao wako wengine wote wenye akaunti humo. Kila upande una tarakimu yake: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, nazo hujumlishwa. Basi faili la 640 husomwa na kuandikwa na mwenyewe, husomwa na kundi, na wengine hawalifungui.

Nani huziandika tarakimu hizo faili linapozaliwa? Katibu anapohifadhi orodha ya malipo haulizwi neno. Programu ndiyo inayoomba kwa niaba yake, na kwa kawaida huomba kwa wingi: 666 kwa faili, 777 kwa folda. Hapo ndipo inapoingia umask, ambayo mimi huiita chekeche. Tarakimu zake hutaja ruhusa zinazozuiwa zisipite. Chekeche la 022 huwazuia kundi na wengine wasiandike, kwa hiyo faili hutoka 644 na folda 755. La 027 hutoa 640 na 750. La 077 hutoa 600 na 700, yaani mwenyewe peke yake.

Wako walimu wanaosema kuwa hiyo ni hesabu ya kutoa. Niwaulize basi: katika 027, sita ukitoa saba hubaki nini? Jibu la kompyuta ni sifuri, kwa sababu ruhusa ambayo haikuombwa haina cha kuzuiwa.

Katika kompyuta nyingi chekeche linalokutwa ni 022. Maana yake ni kwamba orodha ya wanachama, kilo walizoleta, namba zao za benki na madeni yao ya pembejeo huweza kusomwa na yeyote mwenye akaunti, ikiwa folda zimeachwa wazi vivyo hivyo. Huko ni kuacha leja juu ya mizani na kwenda kunywa chai. Tena kwa Tanzania iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nilipata kuitwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Orodha ya wadaiwa ilikuwa ikizungumzwa sokoni kabla kamati haijaiona. Lawama zikamwangukia karani aliyeiandika, naye akasimamishwa kazi. Nilipofungua kompyuta nikakuta faili lake lina 600, kama inavyotakiwa. Binti yule alikuwa ameweka 077 katika mipangilio yake. Lakini kila usiku kompyuta ilifanya nakala ya akiba ya kazi zote za ofisi. Umask si ya kompyuta nzima. Kila programu inayoendeshwa hurithi ya ile iliyoianzisha, na kazi ile ya usiku haikupita kwenye mipangilio ya karani. Ilikuwa na 022. Nakala ikatoka 644, ndani ya folda iliyo wazi, na aliyeweza kuisoma nakala aliweza kuyatoa yote yaliyomo. Nani aliyeisoma hatukujua kamwe. Karani alirudishwa kazini, lakini mshahara wa miezi miwili hakuupata, na sidhani kama aliombwa radhi.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: umask 077, mwanzoni mwa maagizo ya kazi ya usiku. Hata hivyo mstari huo haugusi mafaili yaliyokwisha kuzaliwa. Nakala za zamani tulizifunga kwa amri ya chmod 600, na folda yao kwa chmod 700.

Kwa shughuli za kila siku za chama napendelea 027. Wenzako wa kundi wasome, lakini leja iandikwe na mmoja, ili mkaguzi ajue wa kumwuliza. Mahali ambapo kamati lazima iandike pamoja, mwekeni 007, na folda yao ipewe chmod 2770 ili kila faili jipya humo lifuate kundi la folda. Mengine ya folda hiyo tutayaona kwa vitendo.

Mkirudi ofisini, andikeni neno umask peke yake, mbonyeze kitufe cha kuingiza. Atakayeona 0022 na aniletee swali kesho asubuhi kabla ya kikao. Na atakayejua nakala za usiku za chama chake zinawekwa wapi, aje na jina la folda hiyo.