Akili ya Shambani na Fedha ya Mshahara

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kitui na Makueni)



Tumeombwa tuseme juu ya fedha: mfanya kazi aamue vipi mahali pa kutia akiba yake, na afikie vipi jambo kubwa analolitamani, kama ni nyumba ya mawe, masomo ya mtoto, au duka lake mwenyewe. Hatukuja hapa kama matajiri. Baadhi yetu tulinunua kware, na hilo tutalisema bila kujificha.

Tuanze shambani. Mkulima wa kwetu hapandi mbegu ya namna moja. Hutia mahindi, lakini hutia pia mtama, kunde, mbaazi na ndengu. Anajua kwamba mvua ya Oktoba hadi Desemba huaminika kuliko ile ya Machi hadi Mei. Hakuliota jambo hilo. Limetokana na kuhesabu misimu mingi, yake na ya wazee wake. Njaa pia anazikumbuka, maana wazee walizipa majina. Moja ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa ninazo mkononi. Fedha zilikuwako, chakula cha kununua hakikuwako.

Mtu huyu ana akili. Lakini akipata mshahara, au akipewa kiinua mgongo, akili hiyo huiacha shambani. Husikia kwamba fulani amepata faida, naye hutia fedha zote mahali pamoja.

Ndivyo tulivyofanya sisi mwisho wa mwaka 2013. Watu walisema mayai ya kware ni dawa ya maradhi mengi, na bei ikapanda kupita ya yai la kuku. Tulikopa, tukatafuta kibali cha idara ya wanyama wa pori, tukajenga vibanda. Mwaka 2014 kila mtu alikuwa muuzaji, mnunuzi hakuonekana. Ndege tukawala wenyewe, na deni likakatwa katika mshahara miezi mingi.

Kosa letu lilikuwa nini? Tulimtazama mmoja aliyefaulu, hatukuuliza habari za wengi. Wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichunguza miaka mingi namna watu wanavyoamua, na Kahneman akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Walionyesha kwamba mtu hupenda kukisia kwa hadithi yake mwenyewe, na husahau kuuliza: watu waliofanya jambo kama hili, wangapi walifaulu? Walionyesha pia kwamba uchungu wa kupoteza hushinda utamu wa kupata. Ndiyo sababu tulizidi kununua chakula cha kware hata bei ilipokwisha anguka: hatukutaka kukubali kwamba tumepoteza.

Wala si sisi peke yetu. Vyama vya upatu wa uongo vilipoanguka miaka ya 2006 na 2007, serikali iliunda kamati mwaka 2009 chini ya mwana wa Kitui, marehemu Francis Nyenze. Iligundua kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Huenda wengi wao walikuwa wamemwona mtu aliyelipwa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme watu 10 wanatia shilingi 20,000 kila mmoja. Mmoja apata faida ya 60,000, na tisa wapoteza zote. Yule mmoja atasikika soko zima. Lakini tisa wamepoteza 180,000, nao hunyamaza kwa haya. Basi ukisikia sauti ya mmoja, watafute wale tisa kwanza.

Ndugu, twawaomba mfuate mambo manne.

Kwanza, kabla ya kutoa fedha, tafuta watu watano waliojaribu jambo hilo hilo, pamoja na walioshindwa. Usiulize muuzaji.

Pili, keti na wenzako wawili, mseme hivi: "Mwaka umepita na shauri hili limekufa. Limekufa kwa nini?" Kila mmoja aandike sababu zake. Njia hii ilielezwa na Mmarekani Gary Klein mwaka 2007. Faida yake ni kwamba mwenye shaka hupata ruhusa ya kusema, wala haonekani adui.

Tatu, andika katika daftari: ninatia kiasi gani, natazamia nini, na ni jambo gani likitokea nitaacha. Fedha iliyokwisha kwenda isikuamulie.

Nne, funga akiba siku ile fedha iko mkononi. Huko Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu na wakulima. Waliowauzia mbolea mara baada ya mavuno, kwa bei ya kawaida ila kuletewa nyumbani bila malipo, walinunua zaidi. Si kwamba wengine hawakuitaka mbolea; fedha iliwatoroka kabla ya msimu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2011. Mfanya kazi naye ni vivyo hivyo. "Nitaweka akiba" ni tamaa tu. Makato ya chama cha akiba na mikopo, yakatwayo kabla hujaushika mshahara, hayo ni maamuzi. Lakini angalieni pia: Sheria ya Kazi ya 2007 yakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Anayekopa mpaka hapo hana pa kupumulia njaa ikija.

Hatusemi msithubutu. Wazee walichimba matuta ya fanya juu kwa mwethya, jembe kwa jembe, na milima iliyokuwa ikimomonyoka ikashika udongo. Hiyo ilikuwa tamaa kubwa kabisa. Lakini hawakulima mlima mzima siku moja, wala mtu hakulima peke yake.

Twapendekeza basi kwamba kila mwanachama akaribiaye kupokea kiinua mgongo aketi kwanza na wenzake wawili wa tawi, wala si kumzuia, ila kumwuliza. Kazi ya miaka thelathini isipotee kwa alasiri moja.