Watoto Wetu Wanaofundisha Huku Wakisoma



Sisi tuliosomea uuguzi hapa Marekani tukiwa tayari na watoto, tunaikumbuka maabara ya anatomia. Profesa tulimwona ukumbini, kwa mbali. Aliyekaa nasi hadi tukaijua ateri na vena alikuwa mwanafunzi wa uzamili, macho mekundu kwa kukesha. Tulimwita mwalimu, na hatukukosea.

Leo watoto wetu ndio wanaosimama pale, nasi tunawauliza, "Utamaliza lini upate kazi?" Ile ni kazi! Kule Mlimani, Dar es Salaam, mkufunzi msaidizi ni mwajiriwa wa chuo. Hapa anaongoza seminari, anasahihisha mitihani, na kwa kawaida analipwa posho na kusamehewa ada. Mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, lakini karatasi za kusahihisha hazitazami saa. (Wauguzi tunazijua zamu za namna hiyo.)

Tarehe 9 Desemba 2022, sisi tukikata keki ya Uhuru, wasaidizi wa Chuo Kikuu cha California walikuwa wamegoma, wakidai ujira unaotosha kodi ya nyumba. Kijana wetu mmoja alikuwemo. Alituficha, akihofia tutasema anachezea viza. Na kweli tungesema.

Basi akipiga simu leo usiku, tusianze na hela ya kutuma nyumbani. Tumuulize amekula nini, na darasa lake lina wanafunzi wangapi.