Pikipiki kwa Milima ya Upare: Tuanze na Kilo

Mada kwa semina ya maofisa ugani, wahudumu wa afya na madereva wa bodaboda, Same



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua pikipiki nyepesi inayoruhusiwa barabarani na ambayo pia itaimudu milima yetu. Nitangulize msimamo wangu. Kwa Upare, jambo la kwanza kuuliza dukani ni kilo, la pili ni urefu wa kiti, la tatu ni spea. Ukubwa wa injini uje baadaye. Wauzaji huanza na cc, nasi wanunuzi tunawafuata, na gharama yake tunaiona mvua zikianza.

Tuitazame njia yenyewe. Anayetoka Same mjini kwenda Mbaga hupita Kisiwani, ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kwenye joto, vumbi na miiba ya migunga. Kisha anaanza kupanda, na mambo yanabadilika. Upande wa mashariki wa milima hupokea mvua inayotoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana Mamba Miamba wanalima tangawizi, wakati Same na Makanya mvua inawapita juu. Udongo mwekundu wa huko ukilowa, tairi ya barabarani haishiki kitu. Na mtu huyohuyo akiwa na kikao Hedaru, anaingia barabara kuu ya Arusha na Dar es Salaam, katikati ya mabasi na malori. Pikipiki moja inatakiwa iziweze njia hizo zote.

Sasa fikirini uko peke yako juu ya Makanya, unapanda Suji, njia nyembamba, korongo kushoto, na pikipiki imelala kwenye tope. Ya kilo 120 au 130 mtu mzima anayejua mbinu ataiinua: anaigeuzia mgongo, anashika usukani kwa mkono mmoja na kerieri kwa mwingine, anasukuma kwa miguu. Zile kubwa ambazo watalii wanapita nazo wakielekea Cape Town, mfano BMW R 1250 GS, zinakaribia kilo 250. Ikilala hapo, utasubiri wapita njia. Honda XR150L ina takriban kilo 130 ikiwa na mafuta, na Yamaha XTZ125 iko chini ya hapo. Ushauri wangu ni kwamba anayefanya kazi peke yake mlimani asivuke kilo 135, hata akipewa bei nzuri.

Kuhusu kiti, naomba tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo wenzetu wengi wanaumia. Pikipiki za aina hii zina shokapu ndefu, hivyo zenyewe ni ndefu. Kiti cha XR150L kiko kama sentimita 83 kutoka chini, cha XTZ125 kama 84. Vipimo hivyo ni vya sakafu ya duka. Barabara ya mlimani imelalia bondeni. Ukisimama kupisha gari, mguu wa upande wa bonde unaitafuta ardhi iliyo chini zaidi, na usipoifikia unaanguka ukiwa umesimama, pengine na sanduku la chanjo nyuma. Muuguzi au ofisa ugani ambaye si mrefu asikubali kununuliwa pikipiki bila kuikalia. Aende dukani na viatu vyake vya kazi, aombe isogezwe mahali penye mteremko, apande, asimame, ashuke, tena ikiwa na mzigo. Kama imezidi kidogo, fundi wa makochi anaweza kupunguza sponji ya kiti. Kushusha shokapu sikushauri, maana unapoteza nafasi ya chini ya injini, nayo ndiyo inayokuvusha kwenye mawe.

Halmashauri na miradi ikinunua pikipiki za kufanana kwa watumishi wote, warefu na wafupi, hilo ni kosa linaloweza kuepukika.

Tuje kwenye injini. Kila unapopanda mita 1,000, injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kilele cha Shengena, juu ya msitu wa Chome, kina mita 2,462, na vijiji vilivyo jirani na msitu huo navyo viko juu. Kwa hiyo cc 125 inatosha kwa mtu mmoja na begi tu. Akipanda abiria, 150 inapumua vizuri zaidi. Hata hivyo, kuliko cc, angalieni gia ya kwanza. Iwe fupi kiasi cha kukuwezesha kwenda polepole mlimani bila kubana klachi nusunusu, kwani klachi nyingi huungua kwa sababu hiyo. Dawa yake ni rahisi: spoketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Kwenye lami utapoteza mwendo kidogo, lakini ukishuka kutoka mlimani gia hiyo hiyo itaishikilia pikipiki, na breki ya ngoma ya nyuma haitapata moto hadi ilegee.

Kabla ya kulipa, soma leseni yako. Daraja A1 linaishia cc 125. Zaidi ya hapo unahitaji daraja A. Pia msidanganyike na pikipiki za mashindano zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Hazina indiketa, vioo wala honi, na huwezi kuzisajili TRA ukapata namba ya MC na bima. Kwa mitumba ya kutoka Ulaya au Marekani, tazama taa ya mbele. Sisi tunaendesha kushoto, na taa iliyotengenezewa nchi za kulia inammulika machoni anayekuja.

Gurudumu la mbele la inchi 19 au 21 linapanda jiwe ambalo lile la 17 la pikipiki ya Boxer linaligonga. Mimi napendelea 19 mbele na 17 nyuma, kwa kuwa tairi za 17 hazisumbui kupatikana. Rimu ziwe za spoki, ambazo fundi wa kijijini anazinyoosha.

Ndugu zangu wa bodaboda, kwenu nina neno tofauti. Kama kazi yako ni abiria na magunia kati ya Same, Kisiwani na Ndungu, baki na Boxer au TVS. Fremu ya nyuma ya pikipiki hizi za mlimani haikuundwa kwa gunia la tangawizi juu ya abiria.

Nimalizie na lile la tatu, spea, pamoja na matengenezo. Mwaka 1988 Barry Coleman na mwendesha pikipiki wa mashindano Randy Mamola walikwenda Somalia wakakuta vyombo vya usafiri vya huduma ya afya vimekufa kwa kukosa matengenezo madogo tu, na kutokana na hayo likazaliwa shirika la Riders for Health. Muundo nao husaidia: Yamaha AG100, ambayo imetumika sana kwenye miradi ya kilimo na afya Afrika, cheni yake imefunikwa yote, hivyo haifikiwi na vumbi wala tope. Kwenye pikipiki zenye cheni wazi, kazi hiyo ni ya dereva: kusafisha na kupaka oili kila wiki, na kusafisha chujio la hewa kila baada ya safari za vumbi la Kisiwani.

Kwa hiyo mnapoandika maombi ya kununua, wekeni ukurasa wa pili wenye spea za miaka miwili: waya wa klachi, sahani za klachi, cheni na spoketi zake, tyubu, chujio, viatu vya breki na mikono ya usukani. Mpeni muuzaji ukurasa huo, mumwulize kila kimoja kitafika Same baada ya siku ngapi. Akikwama kwenye waya wa klachi, nendeni kwa mwingine.